Mabwana Afya: Chimbuko la Taaluma ya Afya ya Jamii Afrika Mashariki

Taaluma ya afya ya jamii katika Afrika Mashariki ilianza kwa mkaguzi, kabla ya daktari kuijali na kabla chuo kikuu hakijaijua. Mkaguzi huyo alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akafunua mitungi na mapipa kutafuta viluwiluwi vya mbu, akachungulia choo, akapiga muhuri nyama kabla haijafika buchani, na akikuta uchafu uliozidi akaandika hati ya kumpeleka mwenye nyumba mahakamani. Tanganyika watu walimwita bwana afya. Shahada zilikuja baadaye sana, na mambo mengi yanayofundishwa leo katika mwaka wa kwanza wa chuo yalikuwa yamefanyika mitaani kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kupata profesa.

Ufuatiliaji wa magonjwa wenyewe ulikuwepo pwani kabla hata ya mkaguzi. Kipindupindu kiliipiga Zanzibar mara kadhaa katika karne ya 19, na mlipuko wa 1869–70 ulimkuta kisiwani James Christie, tabibu Mskoti aliyemtibu Sultani. Christie hakuishia kwa wagonjwa wake. Aliwahoji wafanyabiashara wa Pangani, watu wa misafara na wa vyombo vya baharini, akapanga majibu yao kwa tarehe na mahali mpaka njia ya ugonjwa ikaonekana: uliteremka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamaasai, ukafika Pangani, ukavuka maji kuingia Unguja. Kitabu chake kilichapwa London mwaka 1876, wakati bakteria wa kipindupindu alikuwa hajathibitishwa na Robert Koch. Kwa hiyo nguvu ya kitabu hicho haikutoka maabara. Ilitoka katika kumbukumbu za wasafiri wa Kiswahili waliojua nani alifia wapi na lini, na si kutia chumvi kusema kwamba wao ndio walioshika nusu ya utafiti ule, ingawa jina kwenye jalada ni moja.

Serikali za kikoloni zilipokuja hazikuendelea na njia hiyo ya kuuliza. Nairobi, iliyozaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli, ilipata tauni mwaka 1902, na dawa iliyoamuliwa ilikuwa kuliteketeza kwa moto soko la Wahindi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuangalia usafi wa miji ya Kenya, Uganda na Zanzibar, na ripoti yake ikapendekeza makazi yatengwe kwa rangi za watu, hoja ikiwa kuzuia maradhi. Dar es Salaam mpango wa aina hiyo ulianza kuchorwa wakati wa Wajerumani na kukamilishwa na Waingereza: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya sehemu ya biashara na mitaa ya Waafrika pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uwe kinga. Ng'ambo ya uwanja huo ndipo ilipo Kariakoo, eneo lililobeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Vifo hivyo viliwatia hofu watawala, hasa kwa kuwa nguvukazi ya mashamba na reli ilitoka katika jamii zilezile, na baada ya vita fungu la afya ya Waafrika likaanza kuonekana kwenye bajeti.

Sheria zilitangulia elimu. Kenya ilipata Sheria ya Afya ya Umma mwaka 1921, ambayo kwa marekebisho mengi bado inajulikana kama Sura ya 242. Uganda ilipata yake mwaka 1935. Sheria hizi zilimpa mkaguzi mamlaka ambayo hata daktari wa wodini hakuwa nayo: kuingia katika nyumba ya mtu, kuamuru kisima kifukiwe, kufunga mgahawa, kubomoa kibanda. Ngazi za juu zilishikwa na Wazungu wenye cheti kutoka London. Waafrika waliajiriwa wasaidizi, wakifundishwa na wakubwa wao kazini na baadaye katika kozi fupi. Chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, kinachojulikana leo kwa kifupi cha KMTC, kinahesabu mwanzo wake mwaka 1927. Tanganyika katika miaka hiyohiyo ya 1920 ilianza kuwafundisha wasaidizi wa zahanati za serikali za wenyeji, watu wa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, na hao wakawa ndugu wa karibu wa mabwana afya kwa mshahara na kwa cheo.

Elimu kwa umma ilianza kwa kusuasua. Shule ya Jeanes huko Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliwaandaa walimu wa vijijini kufundisha pia uchimbaji wa vyoo na usafi wa nyumba. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio la kutengeneza sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Mojawapo ya filamu zilizotoka huko ilihusu minyoo ya safura, na gari la sinema likazungushwa katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki na ya Kati. Lakini mwananchi wa kawaida wa mjini hakumjua bwana afya kwa sinema. Alimjua kwa faini. Ndiyo sababu katika mitaa mingi habari kwamba bwana afya anapita zilitosha kufanya watu wamwage maji ya mapipa na kufagia uani haraka haraka, kisha akiondoka mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Wanawake walioajiriwa kutembelea kina mama na watoto, mabibi afya, walipokewa vizuri zaidi, labda kwa kuwa hawakuja na hati ya mahakama mkononi.

Kazi iliyohitaji ujuzi wa kweli katika enzi hiyo ni ya kupambana na mbu. Mbu aenezaye malaria hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia, na kwa joto la pwani yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki mbili au chini ya hapo. Hesabu hiyo ndiyo iliyopanga ratiba ya mkaguzi: kila dimbwi, mfereji na shimo la mchanga lilipaswa kurudiwa kabla kizazi kipya hakijaruka. Aliyetumwa kuchota maji kwa upawa alijifunza kumtofautisha kiluwiluwi wa anofelesi, anayelala sambamba na uso wa maji, na wa kuleksi, anayening'inia kichwa chini. Kisha mafuta yalimwagwa juu ya maji ili viluwiluwi vikose hewa. Vijana walioifanya kazi hiyo walikuwa wataalamu wa wadudu kwa vitendo, ingawa kwenye orodha ya mishahara waliandikwa vibarua. Ujuzi huohuo ulihitajika tena mradi wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulipopulizia nyumba dawa ya dieldrin katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na tena mwaka 2004, Dar es Salaam ilipoanzisha mpango wa malaria mijini uliowatumia wakazi wa mitaa kukagua mazalia ya mbu kila wiki.

Chuo kikuu kilichelewa. Makerere ilianza kufundisha tiba katika miaka ya 1920, lakini mkazo wake ulikuwa wodini, katika hospitali ya Mulago. Daktari wa Afrika Mashariki aliyetaka afya ya umma kama fani alilazimika kwenda Uingereza kusomea stashahada ya uzamili. Huko Marekani, Johns Hopkins ilikuwa imeanzisha tangu 1916 shule ya afya ya umma iliyojitenga na ile ya udaktari, na mfano huo ulienea duniani. Katika Afrika Mashariki somo hili lilibaki kwa muda mrefu kijitawi ndani ya idara ya tiba. Hatua ya maana ilichukuliwa na Makerere mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipofungua kituo cha afya Kasangati, nje ya Kampala, wanafunzi wa udaktari wakapelekwa kujua kaya, visima na mashamba ya eneo hilo badala ya kusubiri mgonjwa aletwe hospitalini. Baadhi waliiona safari ya Kasangati kama adhabu. Wengine ndiko walikoipata fani yao.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo waliosajiliwa 12 tu. Kwa idadi hiyo hapakuwa na njia ya kujenga huduma ya nchi juu ya madaktari. Ripoti ya mwaka 1964 iliyoongozwa na Richard Titmuss, mwanazuoni wa sera za jamii kutoka London, ilishauri nguvu zielekezwe katika vituo vya afya vijijini na katika watumishi wa kada za kati na za chini, na ushauri huo uliendana na siasa ya ujamaa iliyokuja kutangazwa Arusha mwaka 1967. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1963, iligeuka kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968. Vituo vya afya vilivyokuwa 22 wakati wa uhuru vilipita 200 kufikia 1980, na kila kituo kilihitaji mtu wa kinga pamoja na mtu wa tiba. Vyuo vya maofisa afya vya mikoani, kama cha Mpwapwa, vilijaza nafasi hizo kwa watu wa cheti na stashahada.

Shule kubwa kuliko zote haikuwa na jengo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na ulifikiriwa vizuri. Watu wa jirani walikaa kikundi, chini ya mwembe au kwenye darasa la shule ya msingi, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha mmoja anayejua kusoma akasoma sura ya kijitabu kilichoandikwa kwa herufi kubwa na lugha ya kawaida. Baada ya hapo kikundi kilijadili: kuna madimbwi wapi hapa kwetu, nani hana choo, maji ya kunywa yanatoka wapi. Mjadala haukuruhusiwa kuishia kwenye maneno. Kila wiki kikundi kiliamua jambo la kufanya, na wiki ifuatayo kiliulizana limefika wapi. Malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu ndiyo magonjwa yaliyopewa nafasi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo wakazi wake wote walikuwa kama milioni 14. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Vingine vilijengwa kwa kuogopa mwenyekiti wa nyumba kumi na havikutumika sana, na hilo lilijulikana wakati uleule. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza bwana afya wa kijijini alikuta wenyeji wanaojua kwa nini anataka mfuniko juu ya tundu la choo.

Katika miaka hiyohiyo serikali ilifanya kosa ambalo wanafunzi wa utawala wa afya hulisoma mpaka leo. Mwaka 1972 mamlaka za serikali za mitaa zilianza kuvunjwa kwa jina la madaraka mikoani, na halmashauri za miji nazo zikaondoka. Lengo lilikuwa kupeleka wataalamu karibu na vijiji, na mijini ndiko hasara ilikotokea. Mabwana afya wa miji hawakufukuzwa, ila waliyeripoti kwake alibadilika, na fungu la magari ya taka, la kunyonya vyoo na la mafuta ya kupuliza mbu likamezwa na ofisi ya mkoa iliyokuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Mkaguzi aliweza kuandika kwamba mtaro umeziba. Hakuwa na wa kumwagiza auzibue. Takataka zililundikana, mabomba yakaharibika, na kipindupindu, kilichokuwa kimeingia tena nchini katikati ya miaka ya 1970, kilisambaa kwa nguvu mwaka 1977 na 1978. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini ni nadra ugonjwa kuwa na mkono unaoonekana hivyo katika kubadili muundo wa serikali.

Ugonjwa mwingine ndio ulioifikisha taaluma hii chuo kikuu kwa ukamilifu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana katika hospitali ya Ndolage, mkoani Kagera. Hapakuwa na dawa. Palikuwa na maswali: wangapi wameambukizwa, rika gani, vijiji gani, ugonjwa unaelekea wapi. Maswali hayo hayajibiwi na cheti cha ukaguzi wa nyama. Yalihitaji watu wanaojua kuchagua sampuli, kusoma takwimu na kuongea na watu juu ya mambo ya faragha bila kuwafukuza. Mwaka 1991 Muhimbili ikawa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya, kikiwa na taasisi ya afya ya jamii ndani yake. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Makerere ilianza mwaka 1994 programu ya uzamili ya "shule isiyo na kuta", iliyofadhiliwa na Rockefeller Foundation, ambamo mwanafunzi alitumia sehemu kubwa ya muda wake wilayani akifanya kazi halisi chini ya msimamizi. Kenya ilianzisha mwaka 2004 mafunzo ya epidemiolojia ya kazini kwa mfumo unaofanana na huo, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nacho kiliwapeleka wanafunzi wake wa afya kukaa katika jamii tangu miaka ya mwanzo ya masomo.

Shahada ya kwanza, ya afya ya mazingira au ya afya ya umma kama inavyoitwa Kenya, huchukua miaka 3 au 4 kutegemea nchi na chuo. Mwanafunzi hutoka sekondari na masomo ya sayansi, biolojia na kemia yakiwa ya lazima. Darasani hukutana na epidemiolojia, takwimu za afya, maji na usafi wa mazingira, usalama wa chakula, afya mahali pa kazi, lishe, elimu ya afya, sheria na uchumi wa afya. Takwimu ndilo somo linalowatoa jasho wengi, hasa waliodhani wamekimbia hisabati. Uzamili huchukua watu wa aina nyingi zaidi: madaktari, wauguzi, maofisa afya wa zamani, wakati mwingine wanasosholojia na wachumi. Hapo ndipo historia inapogeuka, kwa kuwa daktari na bwana afya hukaa benchi moja, na daktari si lazima aongoze.

Ajira zinazofuata zimetawanyika. Serikalini kuna ofisa afya wa kata, mtaa au wilaya, anayekagua migahawa, machinjio, nyumba za wageni na vibali vya ujenzi. Kuna maofisa wa afya mipakani na bandarini, katika vituo kama Namanga na Sirari, na katika viwanja vya ndege. Kuna waratibu wa chanjo, wa lishe na wa takwimu katika timu ya afya ya halmashauri. Viwanda na migodi huajiri wataalamu wa afya na usalama kazini. Taasisi za utafiti, kama ile ya taifa ya Tanzania, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na ile ya Ifakara iliyokua kutokana na maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950, huchukua wanaojua kubuni utafiti na kuusimamia. Mashirika ya kimataifa na yasiyo ya kiserikali yalichukua wengi zaidi kuliko watu walivyotarajia.

Mlipuko wa virusi vya Marburg wa mwaka 2023 unaonyesha jinsi kazi hizi zinavyofanyika kwa pamoja. Ulitangazwa tarehe 21 Machi, katika Wilaya ya Bukoba Vijijini, mkoani Kagera. Mtu mmoja akithibitishwa kuugua, timu huketi na familia yake kuorodhesha kila aliyemgusa, aliyemuuguza, aliyemsafirisha, aliyeosha maiti. Zaidi ya watu 200 waliorodheshwa, na kila mmoja alipaswa kuonwa na kupimwa joto kwa siku 21 mfululizo, muda mrefu zaidi ambao virusi hivyo hukaa mwilini kabla ya dalili. Mtu akikosa kuonekana siku moja, mhudumu wa afya wa kijiji, anayejua shamba lake na ukoo wake, ndiye humtafuta. Mtaalamu wa takwimu hufuata mnyororo, wa maabara husoma sampuli, wa elimu ya afya huzungumza na viongozi wa dini juu ya mazishi. Wagonjwa walikuwa 9 na 6 kati yao walikufa. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya.

Taaluma nayo imewekewa uzio wa kisheria. Tanzania ilipitisha mwaka 2007 sheria ya kuwasajili wataalamu wa afya ya mazingira, na mwaka 2009 Sheria ya Afya ya Jamii iliyoondoa kanuni nyingi za kikoloni. Kenya ilipitisha yake ya mafunzo, usajili na leseni za maofisa wa afya ya umma mwaka 2013, mwaka uleule ambapo serikali za kaunti zilianza kazi na kuchukua jukumu la kuwaajiri. Usajili umepandisha hadhi ya kazi kuliko ulivyopandisha idadi ya nafasi. Vyuo hutoa wahitimu wengi, nafasi za halmashauri huongezeka polepole, na kwa miaka 20 hivi pengo hilo lilizibwa na miradi ya wafadhili, hasa fedha za UKIMWI za Marekani zilizoanza baada ya 2003. Amri ya Januari 2025 ya kusitisha misaada ya Marekani, na kufungwa kwa shughuli za shirika lake la misaada, USAID, katikati ya mwaka huo, ziliwaondoa kazini watu wa takwimu, washauri wa kliniki na wafuatiliaji wa wagonjwa katika nchi zote za eneo hili. Maofisa afya wa kata, ambao mishahara yao hutoka serikalini, waliendelea na ukaguzi wao, na katika halmashauri kadhaa wamekabidhiwa pia sehemu ya kazi iliyoachwa na miradi.